Mstari wa Pumzi Moja

Kompyuta ya chumba cha matangazo ilikuwa na kioo kilichotuna mbele, na herufi zake zilikuwa za rangi ya chungwa juu ya weusi mtupu. Haikuwa na kipanya wala picha za kubofya. Ukiiwasha ilikoroma kifuani kama mtu anayetaka kukohoa, ikanyamaza, kisha ikafungua programu moja tu ya kuandikia maandishi. Meneja wa redio alikuwa amekwisha jaribu kuitupa, akaleta mashine mpya nyembamba, lakini ile printa ya sindano iliyochapa karatasi zenye matundu pembeni ilikataa kumtii mgeni. Basi mashine mpya ikapelekwa kwa mhasibu, na ya zamani ikabaki na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazini alijulikana kama Mama Pambizo. Jina hilo alipewa na fundi wa kompyuta, kijana mcheshi aliyeitwa Waya, kwa sababu kila alipokuja kutengeneza kitu, mama huyo alimwambia neno moja tu.

"Fanya yote, mwanangu, ila pambizo langu la kulia usiliguse."

"Mama, kuna watu wanalinda nyumba, kuna wanaolinda mashamba. Wewe unalinda nafasi tupu ya karatasi!"

"Hiyohiyo tupu. Usiiguse."

Waya alicheka, lakini hakugusa. Hakujua kwamba nafasi ile tupu ilipimwa kwa kifua cha mtu.

Mumewe Mama Pambizo alikuwa mtangazaji wa redio hiyohiyo. Mji mzima ulimwita Bwana Saa Saba, kwa kuwa kila siku saa saba mchana ndiye aliyesoma matangazo ya vifo, ya vitu vilivyopotea na ya mikutano. Mke alichapa, mume akasoma. Kati yao palikuwa na ukuta wenye dirisha la kioo kizito, na juu ya meza ya mke kulikuwa na spika ndogo iliyoleta sauti ya mume kutoka studio.

Walipoanza kazi hiyo, mistari ilitambaa mpaka ukingoni mwa karatasi, na Bwana Saa Saba alikuwa akiishiwa pumzi mahali pasipostahili. Siku moja alivuta pumzi katikati ya jina la mfu. Jioni mkewe alimwambia, "Leo umemkata marehemu vipande viwili. Ndugu zake watasemaje?"

Kesho yake mume alisimama nyuma ya kiti cha mke. Mke akafungua ukurasa wa mipangilio ya programu, akafika penye pambizo la kulia, akaandika namba, akachapa, na mume akasoma kwa sauti. Mstari ukiwa mpana, alikwama. Ukiwa mwembamba, alisikika kama mtoto anayejifunza kusoma. Walipofika herufi sabini kwa mstari, mume alisoma mpaka mwisho, akavuta pumzi, akateremka mstari wa pili bila kugugumia.

"Hapo hapo, mama watoto. Usiguse tena."

Toka siku ile kila mstari ulikuwa pumzi moja. Jina la marehemu halikukatwa tena. Kama halikutosha mwisho wa mstari, mke alilishusha lote chini. Watu walisema Bwana Saa Saba anasoma kama maji yanayotiririka. Hakuna aliyejua kwamba mtiririko ule ulianzia kwenye namba iliyoandikwa na mkewe.

Miaka ikapita, na siku moja mke alisikia kwenye spika kitu kidogo sana, mkwaruzo tu, kabla ya mwisho wa mstari. Hakusema neno. Alifungua mipangilio akaandika sitini na nne. Mume akasoma vizuri. Baada ya muda mkwaruzo ukarudi, akaandika hamsini na nane. Kisha hamsini. Mume alimsifu walipokuwa wakirudi nyumbani. "Siku hizi unaandika vizuri zaidi. Maneno yanateleza." Mke alitabasamu, akatazama pembeni.

Mwisho ilifika thelathini. Ukurasa ulionekana kama utepe mwembamba katikati ya weupe. Bwana Saa Saba aliushika, akautazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama mkewe kupitia kioo. Akausoma mpaka mwisho. Juma lililofuata alilazwa, na hakutoka.

"Mngemleta mapema," daktari alisema. "Kwani hamkumsikia anavyohema?"

Hakuna aliyemsikia. Mji mzima ulikuwa ukimsikiliza kila siku, na hakuna aliyemsikia, kwa kuwa mkewe aliificha ile pumzi fupi kwa ustadi wa kazi yake. Alidhani anamtunza. Neno la daktari lilimkaa kooni tangu siku hiyo.

Tangazo la kifo cha mumewe alilichapa mwenyewe, kwa upana wa sabini. Meneja ndiye aliyelisoma. Alivuta pumzi katikati ya jina.

Baadaye nafasi ya saa saba ilichukuliwa na binti yao wa pekee. Alikuwa na sauti ya baba yake, nzito kidogo, isiyo na haraka. Wasikilizaji wakampa jina bila kushauriana: Binti Saa Saba. Mama akarudi kwenye sabini, na kifua cha binti kikautosha mstari bila taabu. Wakaishi hivyo, wawili, nyumbani na kazini, na mama alijiambia jambo moja tu: huyu sitamficha. Huyu nitamsikiliza.

Ndipo yakaanza mambo yenyewe.

Usiku mmoja umeme ulikatika mji mzima. Asubuhi Mama Pambizo aliwasha mashine, akafungua matangazo aliyoyachapa jana yake jioni ili ayatoe kwenye printa kama kawaida. Mstari wa kwanza ulikatika kabla ya mahali pake. Wa pili vilevile. Alifungua mipangilio, na pale penye pambizo la kulia palikuwa na namba ambayo hakuiandika tangu mumewe akiwa hai. Sitini na nne.

Alikaa akiitazama. Rangi ile ya chungwa ilikuwa ikipepesa kidogo, kama kawaida yake, lakini siku hiyo ilionekana kama kitu kinachohema.

Waya alikuja na begi lake. "Mama, hakuna ajabu. Hii mashine ikizimwa ghafla, inadaka nakala ya zamani ya mipangilio. Ilikuwa imejificha humu toka enzi za mzee. Ngoja niifute." Akabonyeza hiki na kile. "Haya. Nimefuta. Sasa hata shetani mwenyewe akitaka kuisoma, hana pa kuisoma."

"Usilete majina hayo chumbani kwangu."

"Basi nisamehe. Hata malaika."

Mama alirudisha sabini, akacheka kidogo, na siku zikaendelea.

Hazikuendelea sana. Asubuhi moja, umeme ukiwa haujakatika, alifungua chumba akakuta kiti chake kina joto. Aliweka kiganja juu ya mto wa kiti, akakiondoa haraka. Na hewani kulikuwa na harufu aliyoijua kuliko harufu ya nguo zake mwenyewe: peremende za mnanaa, zile kali za kifua, ambazo mumewe alizimumunya mwaka wake wa mwisho. Akawasha mashine, akafungua mipangilio. Hamsini na nane.

"Ni ngazi ileile," alijisemea. "Anashuka ngazi ileile."

Alirudisha sabini, akachapa, akampa binti karatasi. Saa saba ilipofika alikaa chini ya spika akiwa na nakala yake mkononi, akafuatisha kwa kidole. Binti alisoma vizuri. Ila pumzi hazikuwa mahali pake. Mstari uliishia pale ambapo kidole cha mama kilikuwa, na binti alipita moja kwa moja. Halafu mbele, katikati ya mstari uliofuata, akavuta pumzi pasipo na mwisho wowote. Mama alichukua kalamu, akaweka alama kila pumzi ilipovutwa. Tangazo lilipokwisha, akahesabu herufi kutoka alama hadi alama. Mwanawe alikuwa akisoma mistari ya hamsini na nane kwenye ukurasa wa sabini.

Aliinua macho. Kwenye kioo cha studio aliona uso wa binti, na juu yake, kwa jinsi mwanga ulivyoangukia kioo, kivuli cha mtu aliyevaa sweta. Alipogeuka nyuma yake hapakuwa na mtu. Lilikuwa sweta la marehemu lililoning'inia kwenye msumari mlangoni, mahali palepale lilipokuwa siku zote. Alitulia moyo. Kisha akakumbuka kwamba jana mgongo wake ulikuwa mbele, na leo umeelekea ukutani.

Nyumbani jioni, akimenya viazi, alijaribu kuuliza kwa kuzunguka.

"Mwanangu, unajisikiaje siku hizi?"

"Mzima kama kinu, mama."

"Kifua?"

"Kiko mahali pake, hakijahama." Binti akacheka, kisha akainuka kwenda kuchota maji, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Juma lililofuata namba ilikuwa hamsini.

Mama Pambizo hakumwita Waya tena. Waya angemwambia habari za nakala, na nakala ilikwisha futwa. Alijua namba zinazofuata moja baada ya nyingine mpaka thelathini, na alijua kilichokuwa nyuma ya thelathini. Alimwendea dada wa mapokezi, ambaye alishika funguo za jengo zima.

"Chumba changu kina funguo ngapi?"

"Mbili. Wako, na wa marehemu."

"Wa marehemu uko wapi?"

Dada wa mapokezi alitazama ubao wa misumari nyuma yake. Msumari ule ulikuwa mtupu. "Mh! Ulikuwa hapa. Au mzee kaja kuuchukua mwenyewe?" Alipoona uso wa mwenzake aliziba mdomo. "Nisamehe, mama. Ulimi wangu hauna breki."

Kesho yake mama aliamka mapema kuliko desturi. Kitanda cha binti kilikuwa kimetandikwa, na yeye hayupo. Mara kwa mara alitangulia kazini kuandaa kipindi cha asubuhi, kwa hiyo mama hakushtuka. Alitembea barabara zikiwa bado na ukungu, maduka yamefungwa, mfagizi mmoja tu akikusanya majani. Mlinzi alimfungulia lango akisinzia.

"Umewahi, mama. Umefukuzwa kwako?"

"Nimejifukuza."

Ukumbi ulikuwa na giza la kijivu. Alivua viatu akaviweka mkononi. Kabla hajaufikia mlango wake alisikia vitufe vya kibodi vikigonga, polepole, kwa vidole viwili, jinsi marehemu alivyokuwa akichapa siku mke akiwa mgonjwa. Kisha printa ikaanza kulia kwa sauti yake ya nyuki. Kisha kikohozi, kifupi, kilichobanwa na kiganja. Harufu ya mnanaa ilikuwa imefika mpaka ukumbini.

Alisukuma mlango.

Sweta lilikuwa limeketi kwenye kiti chake. Mgongo ule, mabega yale yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekwea mlima, mwanga wa chungwa ukiyazunguka. Mama alishika fremu ya mlango. Aliita jina ambalo hakuliita tangu mazishi.

"Baba watoto?"

Mabega yalisimama. Kiti kikazunguka.

"Mama," alisema binti.

Printa ilimaliza kazi yake, karatasi ikaning'inia. Mistari yake ilikuwa mifupi. Binti aliikunja haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari, lakini hapakuwa na pa kuificha.

"Kwa hiyo karatasi ninayokupa mimi..."

"Naiweka chini ya hii. Nasoma hii."

"Na sweta?"

"Asubuhi kuna baridi. Nikipata baridi nakohoa, hata nikimumunya zile peremende za baba."

"Namba umezitoa wapi?"

"Mama, nilikuwa nakaa hapo nyuma yako nikikusubiri twende nyumbani. Nilikuona ukimbania baba mistari. Nazikumbuka kama wewe." Binti alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Sikujua kwamba mashine inakumbuka. Nilidhani nikitoka, inarudi kama ulivyoiacha."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukumwambia baba?"

Mama Pambizo alikaa juu ya boksi la karatasi. Alitamani kukasirika, akakosa hata pa kuanzia, kwa sababu kila alilotaka kumwambia mwanawe lilikuwa kosa lake yeye mwenyewe. Aliinuka, akamtoa binti kwenye kiti, akakaa. Akafungua mipangilio. Akaandika sabini. Printa ikalia tena, naye akachana karatasi akamkabidhi.

"Nisomee."

"Hapa?"

"Hapa, kama baba yako alivyonisomea. Mstari mmoja pumzi moja."

Binti alisimama nyuma ya kiti. Lilikuwa tangazo la mzee mmoja mwenye wajukuu wengi. Alianza vizuri, kwa sauti ileile nzito, akapita katikati ya mstari, halafu sauti ikapungua kama bomba linalofungwa. Alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mstari ulikuwa bado na maneno. Alijaribu tena tangu mwanzo, akaishia mapema zaidi, na safari hii kikohozi hakikubanika.

"Basi," mama alisema. "Basi, mama yangu. Tumesikia."

Aliizima mashine. Akamvisha binti khanga juu ya sweta, akachukua karatasi na ule ufunguo wa marehemu, akafunga chumba, akamshika mkono, wakatoka. Kwenye lango walikutana na Meneja akiingia.

"Mnakwenda wapi? Na saa saba?"

"Karatasi hizi hapa. Soma wewe."

"Mimi? Watu wanasema nasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa!"

"Basi kimbia," alijibu Mama Pambizo, na hakugeuka.

Hospitali walimlaza. Daktari, ambaye hakuwa yule wa zamani, alisikiliza kifua mbele na nyuma, akaagiza picha, akasoma majibu, akasema ugonjwa upo lakini haujachimba. "Mmewahi," alisema. Mama alimwomba arudie. Daktari akarudia.

Siku moja mama, akiwa amekaa kando ya kitanda, alimuuliza binti jambo lililomsumbua. "Ile sitini na nne, ya mwanzo. Ulianza lini kukohoa?"

"Sitini na nne? Hiyo siyo mimi, mama. Nilipokuja kuchapa mara ya kwanza niliingia moja kwa moja hamsini na nane. Wakati ule wa umeme nilikuwa mzima kabisa."

"Waya alisema ni nakala ya zamani."

"Basi ni nakala."

Wote wawili wakatazama dirisha. Kama si namba ile kumshtua, mama asingeanza kutazama mipangilio kila asubuhi, wala asingefuatisha pumzi kwa kidole.

Funguo zote mbili za chumba sasa zilikuwa kwenye mfuko wa Mama Pambizo, zikigongana akitembea. Alirudi kazini siku ya pili baada ya binti kulazwa, akakuta namba iko hamsini. Sabini yake ya alfajiri ile haikuwapo. Umeme haukukatika, na hakuna aliyeingia. Mkono wake ulikwenda kwenye kibodi, ukasita. Safari hii hakurudisha kitu. Aliiacha, akachapa kwa upana huohuo, Meneja akasoma akishukuru mistari mifupi.

Baada ya siku kadhaa ikawa hamsini na nane. Jioni hiyo hospitalini binti alipanda ngazi za wodi bila kusimama katikati. Mama alimtazama mpaka juu.

Kisha ikawa sitini na nne.

"Mama Pambizo," Meneja alilalamika, "mistari inarefuka. Unataka kuniua?"

"Siyo mimi."

"Ni nani basi?"

"Wewe soma tu. Si muda mrefu."

Chumba hakikuwa na harufu ya mnanaa tena. Kiti kilikuwa baridi kila asubuhi. Lakini alipokuwa akichapa, mara nyingine alihisi kwamba mtu amesimama nyuma yake, kwa umbali uleule wa zamani, akisubiri kusomewa kama mstari umetosha. Hakugeuka, aliogopa kwamba angemkuta, na aliogopa zaidi kwamba asingemkuta. Aliendelea kuchapa, na kila alipofika kwenye jina la marehemu wa watu alilishusha lote chini, bila kulikata.

Asubuhi moja alifungua mlango kwa ufunguo wake, akawasha mashine. Ilikoroma, ikanyamaza. Aliona pambizo limesimama mbali, mahali pake pa zamani, na herufi za chungwa hazikupepesa.

Alisoma namba mara mbili. Kisha akafungua kabati alikohifadhi vitu vya binti, akatoa viatu vyake vya kutokea, akavifuta vumbi kwa pindo la gauni lake. Hakungoja simu ya daktari. Alizima mashine, akafunga mlango, akatia funguo zote mbili mfukoni, akavibeba viatu mkononi mpaka hospitali. Alipofika wodini, daktari alikuwa ameinama kando ya kitanda, kalamu mkononi, akiandika ruhusa.